Silaha ya Mlinzi

Je, ni halali kushika silaha ili kuwaokoa wanyonge? Swali hili lilimkabili Kapteni Joubert, Mfaransa aliyepata kuwa askari wa Papa, alipofika Mpala, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1887. Rumaliza alitawala Ujiji, ilipo Kasingirima ya leo, na watu wake waliteka watumwa. Joubert akawafunza vijana wenyeji vita, akawaongoza kulinda vijiji.

Kumlinda asiye na mlinzi ni wajibu. Walakini mkuu wa askari hupimwa vita viishapo. Rumaliza alishindwa mwaka 1894. Joubert akabaki na mkewe Agnes, mwenyeji, mpaka kufa kwake mwaka 1927. Silaha iliyokuja kulinda, ikikaa ili itawale, nayo huteka.