Barua ya Senakeribu

Somo la wiki: 2 Wafalme 18:17 hadi 19:20

Rabshake, mjumbe wa Senakeribu mfalme wa Ashuru, alipofika Yerusalemu, silaha yake ya kwanza ilikuwa mdomo. Alisimama penye mfereji wa birika la juu, mahali ambapo watu waliokaa ukutani wangemsikia bila shida, akaanza kupaza sauti. Maafisa wa Mfalme Hezekia walimsihi aseme Kiaramu, lugha ya mabalozi, ili maneno yale yabaki baina ya wakubwa. Rabshake akakataa katakata. Akazidisha sauti, tena kwa lugha ya Wayahudi wenyewe, ile ambayo kila mtu pale ukutani alilelewa nayo. Aliijua kazi yake. Tusi la lugha ngeni hupita njia. La lugha ya mama huingia ndani na kutafuta mahali pa kulala.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa sana habari hiyo. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, yaliyosemwa kwenye baadhi ya redio za lugha zetu na yaliyozunguka kwa ujumbe mfupi wa simu yaliwafikia watu kwa lugha ya nyumbani, na walioyasikia walijua nani anayetajwa hata pasipo jina. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mamia ya maelfu walihama makwao, wengine hadi leo hawajarudi. Siku ya Mwaka Mpya wa 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Na kanisa kwa jumla halikuwa na mikono safi: Februari mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, liliwaomba Wakenya msamaha kwa kuwa viongozi wake walikuwa wameegemea pande. Nalitaja hilo kila msimu wa siasa unapokaribia, kwa sababu tuna tabia ya kulisahau mapema kuliko mengine.

Katika wiki kama hizi waumini hunijia na swali moja kwa maneno tofauti: mchungaji, nitapataje amani moyoni na siasa hii? Mara nyingi jibu wanalolitaka ni ruhusa ya kuzima redio, kutoka kwenye kikundi cha WhatsApp na kuacha kabisa kufuata habari. Siwakatazi wanaochoka, mapumziko ni haki. Lakini amri ya Hezekia haikuwa kwamba watu washuke ukutani wakajifungie majumbani. Walibaki pale pale, wakasikia kila neno la Rabshake, na kwa amri hiyo hawakumjibu. Basi. Maafisa walioyabeba maneno yale hadi kwa mfalme walifika na mavazi yaliyoraruliwa, naye mfalme akararua yake. Waliumia. Anayedhani kwamba mtu mwenye amani ya Mungu haguswi na matusi hajaisoma sura hii.

Kisha ikaja barua, nayo ndiyo sehemu ninayoirudia zaidi. Senakeribu aliyaandika matisho yake, wajumbe wakayaleta, Hezekia akaipokea barua akaisoma. Halafu akapanda hekaluni, akaikunjua na kuitandaza mbele za Bwana. Hakuifupisha kwa maneno mazuri ya maombi. Aliiacha wazi ilivyo, na ubaya wake wote, kama mtu anayemwambia Mungu ajisomee mwenyewe. Tazameni pia asilolifanya. Hakuisambaza. Hakuwapelekea watu wa ukutani nakala ili nao wakasirike pamoja naye. Kwa desturi za siku zetu, huo peke yake ni muujiza.

Mnaijua hali ya vikundi vyetu. Mtu anatuma kipande cha video kabla ya sala ya asubuhi. Kufikia saa sita mchana mwimbaji aliyesimama na sauti ya tatu tangu tulipokuwa tukiimba chini ya mabati yasiyo na kuta ameondoka kwenye kikundi cha kwaya. Ameondoka kwa ajili ya mwanasiasa asiyelijua jina lake. Na Jumapili sauti ya tatu inasikika nyembamba, kila mmoja wetu anajua sababu, na hakuna anayeisema.

Nimejizoeza jambo dogo, nalitoa kwenu lilivyo bila kulifanya sheria. Ujumbe ukinichoma, siujibu kwanza. Naiweka simu mezani ikiwa wazi, ujumbe ukionekana, nami napiga magoti mbele yake. Wakati mwingine sina la kusema na ninakaa hivyo tu. Kuna siku nilizoinuka na hasira ile ile niliyopiga nayo magoti. Lakini jibu ambalo ningelituma halikutumwa, na hiyo nayo ni riziki.

Katika maombi yale ya Hezekia kuna mstari ambao wahubiri tunapenda kuuruka. Kabla hajamwomba Mungu amwokoe, anakiri kwamba ni kweli: wafalme wa Ashuru wameyaharibu mataifa na nchi zao. Yaani barua ya adui, pamoja na matusi yake, ilikuwa na jambo la kweli ndani yake, na Hezekia alilisema mbele za Mungu bila kulipamba. Nadhani hapo ndipo amani yake ilipoanzia. Mtu anayelazimika kukana kila neno la upande wa pili hawezi kutulia, maana kila siku ana kweli mpya ya kuikana.

Tuchukue habari ya ardhi, ambayo ndiyo mzizi wa mengi huku kwetu. Wakoloni waliyachukua mashamba ya Bonde la Ufa kutoka kwa waliokuwa wakilisha na kulima hapa. Baada ya uhuru wa 1963 mengi ya mashamba hayo hayakurudi kwa wazawa wa mahali. Yaliuzwa, baadhi kupitia vyama na kampuni za kununua ardhi, na familia nyingi zilizotoka maeneo mengine zikanunua kwa pesa halali walizojinyima miaka. Anayesema babu yake alinyang'anywa hapa hasemi uongo. Anayesema baba yake alinunua hapa, na kwamba familia yake ilifurushwa 1992, ikarudi, ikatikiswa tena 1997, kisha ikachomewa nyumba 2008, naye hasemi uongo. Nimewasikia wote wawili kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiamini kwamba kukubali la mwenzake ni kulipoteza lake. Siasa inakula hapo hapo. Mwanasiasa hana haja ya kutunga uongo mkubwa. Inamtosha kukwambia nusu yako ni nzima.

Ninawaomba wanaosali nyumbani wiki hii wajaribu jambo gumu kidogo: katika ujumbe uliowaudhi zaidi, watafute lile neno moja la kweli na kulitamka kwa sauti mbele za Mungu. Likikosekana, sawa. Lakini litafuteni kwanza.

Hapa lazima niseme jambo jingine, kwa sababu neno amani limetumiwa vibaya katika nchi hii. Mwaka 2013 tulihubiriwa amani hadi wenye maswali ya haki kuhusu uchaguzi wakaonekana wachochezi. Tukaambiwa tukubali tusonge mbele. Juni 2024 vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha na wengine wao kupigwa risasi, wapo waliokimbilia mimbari kuwataka wazazi watulie. Yeremia aliwaona wahubiri wa namna hiyo, wanaofunika jeraha la watu juu juu na kutangaza amani mahali isipokuwepo. Mama aliyemzika mwanawe hadaiwi utulivu na mtu yeyote. Akilia katikati ya ibada, alie, nasi tungoje.

Hezekia mwenyewe alikuwa ameijaribu amani ya kununua. Rudini nyuma kidogo katika sura ya 18: alipeleka talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, akabandua hata dhahabu ya milango ya hekalu ili itoshe. Pesa zikapokelewa, jeshi likaja vile vile. Sisi tuliozoea harambee za wakubwa makanisani tuusome mstari huo polepole. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu ibadani kule Butere Septemba 2021, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba michango iliyotolewa na Rais katika parokia moja itarudishwa. Walisemwa sana wote wawili. Kwangu mimi walikuwa wanairudisha dhahabu milangoni.

Na hao wanasiasa tunaowagombania, wao hawagombani kama sisi. Mwaka 2007 Raila Odinga na William Ruto walikuwa meza moja, Uhuru Kenyatta upande wa pili. Mwaka 2013 Uhuru na Ruto waligombea pamoja na kushinda, hali wote wawili wakikabiliwa na mashtaka The Hague yaliyotokana na ghasia ambamo watu wa pande zao walikuwa wakipigana. Machi 2018 Uhuru na Raila wakapeana mikono penye ngazi za Jumba la Harambee, pale pale ambapo Rais wa wakati huo, Mwai Kibaki, na Raila walitia sahihi makubaliano ya kumaliza ghasia zile miaka kumi kabla. Mwaka 2022 Uhuru akamuunga mkono Raila dhidi ya Ruto, na Machi 2025 Ruto na Raila wakatia sahihi mkataba wao. Oktoba mwaka huo huo Raila alifariki, na Ruto akiwa Rais ndiye aliyeongoza taifa kumwomboleza. Silaumu kupatana kwao, kupatana ni kuzuri. Ninawauliza tu majirani wa hapa ambao hawajasalimiana tangu 2008: viongozi wenu wamepatana mara ngapi tangu hapo? Zaburi ya 146 inatukataza kuwawekea wakuu tumaini letu, na sababu inayotoa haina dharau yoyote kwao: pumzi yao huisha, na mipango yao huondoka nayo.

Hezekia aliomba, na pia alichimba. Maandiko yanasema aliyaleta maji ndani ya mji, na mfereji ambao wataalamu wengi wanauhusisha naye upo hadi leo chini ya Yerusalemu, urefu wake kama meta 533, umekatwa katika mwamba. Mwaka 1880 yaligunduliwa humo maandishi ya Kiebrania cha kale yanayoeleza jinsi ulivyochimbwa: makundi mawili yalianza kutoka ncha mbili, kila moja likielekea kwa mwenzake, na walipokaribia wakawa wanasikiana sauti kupitia mwamba, wakaendelea kugonga hadi sururu zikakutana. Njia yao haikunyooka. Ukiiangalia kwenye ramani imepindapinda, utadhani kila kundi lilipotea zaidi ya mara moja. Maji yalipita.

Ashuru iliondoka Yerusalemu, lakini tusisahau kwamba miji mingine ya Yuda ilikuwa imeanguka. Senakeribu katika kumbukumbu zake mwenyewe alijisifu kwa kuteka miji 46 yenye ngome, na mji wa Lakishi aliuchongea picha ukutani mwa jumba lake. Kwa hiyo siku Hezekia alipopata jibu lake, bado alikuwa na wafiwa wa kuwatembelea na wakimbizi wa kuwapokea. Msomaji anayesubiri siasa itulie ndipo amtembelee jirani atangoja sana, kwani uchaguzi wa Agosti 2027 umeanza midomoni mwa watu kabla ya wakati wake.

Jumatano tutakutana kanisani saa kumi na moja jioni kwa maombi. Hakutakuwa na mahubiri. Mwenye ujumbe unaomnyima usingizi aje nao, kwenye simu au kwenye karatasi, auweke wazi mbele yake asali, kisha tutaomba kwa kutaja majina, yakiwemo ya wale tusiowapigia kura. Chai itakuwepo. Kamati ya chai mwaka huu, nashukuru, ina watu wa vyama vyote, na mzozo pekee niliousikia kwao ni wa sukari.