Eliya Alilishwa Kwanza

Fungua Wafalme wa Kwanza 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka, manabii wa Baali wameaibika. Kisha Yezebeli anatuma vitisho, na mtumishi wa Mungu anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Je, Mungu alimkemea? La. Alimwacha alale. Malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akala tena. Maswali yalikuja baada ya siku arobaini!

Mama mmoja (ameniruhusu niseme bila jina) aliniletea mtoto wake wa miaka saba nimtoe pepo. Mlango ukigongwa anaingia chini ya kitanda. Shuleni masomo hayaingii, na ameanza tena kukojoa kitandani. Nikauliza, nyumbani kuna nini? Akanyamaza kitambo. Kisha akasema baba akirudi usiku humpiga yeye mama, na mtoto huona.

Sasa sikilizeni. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo kama lozi, madaktari huiita amigdala. Kazi yake ni kupiga kengele ya hatari: moyo unakimbia, misuli inakaza. Mungu aliiweka itulinde. Lakini mtoto akiogopa kila usiku, kengele hiyo inazoea kukesha. Ile sehemu ya mbele, ya kufikiri na kujizuia, ambayo hukomaa mtu akishapita miaka ishirini, inakosa nafasi. Mwalimu anaongea, mtoto hasikii. Huo si ukaidi, na kiboko kinazidisha kengele.

Hata watu wazima. Wa rika langu mnakumbuka feri ya Mtongwe, 29 Aprili 1994. Watu 272 walikufa wakivuka kuja kisiwani. Kuna mtu anavuka Likoni leo akiwa ameshika chuma mpaka vidole vinauma. Utamwambia hana imani?

Kuomba tuliomba, na tutazidi kuomba. Ila mtoto yule anataka pia usingizi usiokatizwa, chakula kwa saa yake, na mtu mzima mtulivu wa kumkumbatia. Ubongo wake bado unajengwa, anaweza kupona. Na daktari aonwe, jamani. Hospitali Kuu ya Pwani iko hapa hapa kisiwani.

Mama na mtoto wanalala kwingine kwa sasa. Msiniulize wapi.

Akina baba, Jumatano baada ya maombi ya jioni mbaki. Tutafunga mlango tuongee sisi wenyewe.