Je, Ni Halali Mkristo Kutafuta Siku Nyingi?



Katika sharika zetu nyingi viko vyama vya kufa na kuzikana. Mtu akifariki, wenzake huleta sanda, jeneza, unga na kuni, nao hukesha pamoja na waliofiwa. Kazi hiyo ni njema, wala hatuna neno la kuilaumu. Lakini siku hizi viko vyama vya namna nyingine pia. Watu hukutana alfajiri kutembea na kunyosha viungo, hupimwa shinikizo la damu, hukumbushana kupunguza chumvi na sukari, huonyana habari za pombe na tumbako. Na shabaha yao ni kuishi siku nyingi wakiwa na nguvu.

Basi swali limezuka kati ya Wakristo, nalo lastahili jibu. Wengine husema, siku za mtu zimekwisha kuhesabiwa na Mungu, na anayejitahidi kuziongeza ameikosa imani. Wengine huenda upande wa pili, wakausema mwili kana kwamba ndio wote mtu alio nao, na kifo kana kwamba ni aibu ya mzembe. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimepotoka, tena twataka kueleza kwa nini.

Kwanza, twaungama kwamba siku zetu zi mikononi mwa Mungu. Lakini mvua pia i mikononi mwake, na hakuna mkulima wa Kikristo aketiye barazani msimu wa kulima akisema kwamba Bwana akitaka, mahindi yataota bila jembe. Mungu hutoa kwa njia alizoziweka. Anayeidharau njia haonyeshi imani kubwa. Aonyesha kwamba ataka kumwamuru Mungu atende kwa njia nyingine.

Mwaka 1527 tauni iliingia mji wa Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala alitaka Luther naye aondoke, lakini yeye alibaki kuwatunza wagonjwa na kuhubiri. Mwaka ule ule alimwandikia Johann Hess, mchungaji wa Breslau, waraka juu ya swali hili: je, yafaa Mkristo kuikimbia tauni? Katika waraka ule aliwakemea watu wasiotumia dawa wala kujihadhari, wakidhani kwamba huko ni kumtumaini Mungu. Kwake, huko ni kumjaribu Mungu. Aliwashauri watumie dawa, wafukize nyumba na njia, wasiende penye ugonjwa pasipo haja. Na mtu anayewaambukiza wengine kwa uzembe wake aliona ana hatia ya damu yao. Huyu ndiye mwalimu wetu wa imani, wala hakuna awezaye kusema kwamba alihubiri matendo badala ya neema.

Pili, yafaa tujue vyama hivi vimefundisha nini. Huko Uingereza, katika mtaa wa Peckham ulio London, madaktari wawili, George Scott Williamson na Innes Pearse, walianza kazi katika nyumba ndogo mwaka 1926. Mwaka 1935 walifungua jengo kubwa lenye kuta za vioo, na bwawa la kuogelea katikati. Jamaa wa mtaa ule walijiunga kwa shilingi moja kila juma. Tena hawakupokelewa mmoja mmoja, bali jamaa nzima, baba, mama na watoto. Sharti lilikuwa kupimwa mwili mara kwa mara. Wengi walikutwa na kasoro ambazo wenyewe hawakuzijua, nao walikuwa wakijiona wazima kabisa. Madaktari waliwaeleza yaliyoonekana, wala hawakuwaamuru la kufanya. Mwenye kuhitaji matibabu alielekezwa kwingine. Watu walijifunza kwa kuonana. Mama akimwona jirani wa umri wake akiogelea, naye alitamani kujaribu. Mtoto akimwona mwenzake akiruka, aliruka. Vita vilipozuka mwaka 1939 jengo lilifungwa, likafunguliwa tena 1946, na mwaka 1950 kazi ikakoma. Fedha zilikosekana, na utumishi mpya wa afya ulioanzishwa na serikali mwaka 1948 uliwekwa kwa ajili ya kuwatibu wagonjwa. Chama cha kuwalinda wazima hakikupata mahali ndani yake.

Huko Marekani, katika wilaya ya Alameda iliyo California, watu wazima wapata 7,000 waliulizwa mwaka 1965 habari za maisha yao. Nedra Belloc na Lester Breslow walizitazama desturi saba: kulala muda wa saa 7 au 8, kula chakula cha asubuhi, kutokula ovyo kati ya chakula na chakula, kuwa na uzito wa kadiri, kuutumikisha mwili, kutokuvuta tumbako, na kutokulewa. Hesabu aliyoitoa Belloc mwaka 1973 ilionyesha kwamba mwanamume wa miaka 45 mwenye desturi sita au zote saba aliweza kutazamia miaka 11 zaidi kuliko mwenye tatu au pungufu. Bwana Breslow mwenyewe alifariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 97.

Lakini jambo linalotugusa zaidi lilitoka kwa watu wale wale. Mwaka 1979 Lisa Berkman na Leonard Syme walieleza yaliyowapata watu hao katika muda wa miaka 9. Waliokuwa hawana mume au mke, wala ndugu na rafiki wa karibu, wala kanisa, wala chama, walikufa zaidi ya mara mbili kuliko wale waliofungamana na wenzao; na tofauti hiyo haikuondoka hata zilipoangaliwa tofauti za mali, za afya na za desturi. Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kumbe hata uhai wa mwili haustawi katika upweke. Mungu alipomwumba Adamu alisema neno hilo tangu mwanzo, kabla ya dhambi na kabla ya maradhi: si vema mtu awe peke yake.

Basi, kama ni hivyo, je, tuviingie vyama hivi bila kufikiri? Hapana. Twaona hatari tatu, na yampasa Mkristo azijue kabla ya kuliandika jina lake.

Hatari ya kwanza ni kuwahukumu wagonjwa. Watu wakizoea kusema kwamba desturi njema huleta uzima, mara husema kwamba kila mgonjwa ameyataka mwenyewe. Rafiki za Ayubu walikuja kumfariji, wakaishia kumshitaki, na Mungu aliwakasirikia. Wanafunzi walimwuliza Bwana wetu juu ya yule kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, na Bwana alilikataa swali lao. Wako watu wasiovuta wala kunywa ambao hupatwa na saratani, na wako watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu. Hesabu za Alameda zahusu watu maelfu kwa pamoja. Haziwezi kumwambia mtu mmoja kwa nini yeye ni mgonjwa. Chama ambacho mgonjwa huona haya kuingia ndani yake kimekwisha kufa, hata kama wanachama wake wote waenda mbio kila asubuhi.

Hatari ya pili ni kuwasahau maskini. Kumwambia mchukuzi wa mizigo autumikishe mwili wake ni kumdhihaki. Kumwambia mama alale saa 8, naye huamka usiku kwenda kuteka maji mbali, ni kumpa sheria bila kumpa msaada. Katekisimo yatufundisha kwamba amri ya tano haitukatazi kuua tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani katika shida zote za mwili. Kwa hiyo chama cha Wakristo kikimwonya mama huyo juu ya usingizi, hakina budi kuuliza pia juu ya maji. Kisima kilicho karibu huenda kikamwongezea siku kuliko mafundisho kumi.

Hatari ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni kuufanya urefu wa siku kuwa mungu. Mfalme Hezekia aliugua hata kufa, akalia, na Bwana akamwongezea miaka 15. Aliitumiaje? Aliwaonyesha wajumbe wa Babeli hazina zake zote. Na alipoambiwa na Isaya kwamba vitu hivyo vitachukuliwa na wanawe watakuwa watumwa, aliona ni vema tu, maadamu amani itakuwapo siku zake yeye (2 Wafalme 20). Miaka aliipata, lakini haja ya waliomfuata haikumgusa. Methusela naye aliishi miaka 969, na Maandiko yatueleza habari zake kwa maneno machache sana: alizaa, akaishi, akafa. Bwana wetu alisulubiwa akiwa bado kijana, na katika miaka yake michache wokovu wetu wote ulikamilika. Kwa hiyo wingi wa siku si kipimo cha maisha.

Hapo twafika kwenye kiini cha swali. Huenda mtu akasema: ikiwa wingi wa siku si kipimo, kwa nini tujisumbue kuutunza mwili? Tena ikiwa kuutunza ni wajibu, je, si afadhali nimkwepe mgonjwa anayeninyima usingizi, na mzee wangu aliyelala kitandani mwaka wa tatu sasa?

Waraka ule wa Luther wajibu maneno yote mawili. Yeye aliyewaamuru watu wajihadhari alisema pia kwamba mchungaji, mwamuzi, mzazi, mtumishi na kila aliye na jirani anayemhitaji, asimwache. Jihadhari pale jirani asipokuhitaji, akikuhitaji, nenda. Mtu aliyeutunza mwili wake anao mwili wa kwenda nao, na asiyeenda ameutunza bure. Jembe twalinoa na kulitia mpini imara, maana lina kazi. Anayeliacha mvuani ni mpumbavu; na anayelitundika ukutani asije akalichakaza ni mpumbavu vilevile, kwa kuwa hata ukutani kutu hulila. Jembe njema huisha shambani.

Kwa sababu hiyo jibu letu ni hili. Ni halali Mkristo kutafuta siku nyingi, akizitafuta kama mtumishi aombaye muda wa kuimaliza kazi yake. Si halali kuzitafuta kama bahili ahesabuye fedha asizokusudia kuzitoa. Na kwa kuwa mioyo yetu hutudanganya, kila mmoja na ajiulize swali moja: nguvu nilizozipata mwaka huu, ni nani amefaidiwa nazo zaidi yangu mimi? Akipata jina la mtu, na ashukuru. Asipolipata, chama chake hakijamfaa bado, hata akiwa mwenye afya kuliko wote.

Kwa walimu na wazee wa kanisa twaongeza neno moja. Vyama vyetu vya kuzikana vinayo daftari, na jina la kila mtu limo. Daftari hiyo yafaa ifunguliwe mtu angali hai. Asiyeonekana ibadani majuma mawili, na atembelewe. Mjane alaye peke yake, na aitwe mezani. Mwenye kisukari asiyefika zahanati kwa kukosa nauli, na achangiwe nauli sasa, kama vile tungemchangia jeneza baadaye. Watembeao alfajiri na wapitie nyumbani kwa yule asiyeweza kutembea, wakae naye kitambo. Yule mtu wa Kapernaumu aliyepooza hakuwa na nguvu ya kujiendea kwa Yesu. Alikuwa na wanne waliomchukua, nao hawakuogopa kubomoa dari.

Na siku yetu ya kufa ikifika, maana itafika, tukiwa na desturi saba au bila hata moja, tusione kwamba tumeshindwa. Tulibatizwa katika mauti yake Yeye aliyefufuka. Mwili tulioulisha, tukaulaza, tukautumikisha kwa ajili ya jirani, twamrudishia Muumba wake, nasi twangojea kuupokea tena siku ile, usioharibika. Bwana atujalie siku za kutosha kazi aliyotupa, na moyo wa kuzitumia. Amina.