Kutu ya Zahabu: Tuliyoyaona Tukisoma Yakobo



Sisi wa nyumba moja hapa Kilo tumejiwekea desturi ya kusoma Agano Jipya kila asubuhi, sura moja, kabla watu hawajashuka machimboni. Barua ya Yakobo ina sura tano tu. Ukiianza siku ya kwanza, siku ya tano umeimaliza. Tuliisoma majuma matatu mfululizo, na tuliyoyaona tunayaweka mbele yenu.

Tunajua wengine watasema: katika kanisa letu Roho hunena kwa maono na ndoto, mbona ninyi mnakuja na kitabu na taa? Ni kweli Roho hunena hivyo, nasi tumesikia. Lakini ndoto mtu anaweza kuisimulia kwa namna inayompendeza. Sura iliyoandikwa inarudi vilevile juma linalofuata, na pale ilipokuchoma itakuchoma tena.

Watu wa Kilo tunaijua zahabu. Ilionekana katika nchi hii mwaka 1903, uchimbaji ukaanza 1905, na serikali ya Zaire iliporuhusu raia kuchimba wenyewe mwaka 1982, nyumba nyingi zilipeleka mtu shimoni. Kwa hiyo vijana waliposikia katika sura ya tano kwamba zahabu ya matajiri imeshikwa na kutu, walicheka. Mmoja alisema, “Huyu Yakobo hakuchimba.” Chuma huoza, shaba hugeuka rangi, lakini zahabu ukiifukia leo wajukuu wataikuta inang’aa. Mnunuzi akiitilia asidi, metali nyingine huyeyuka, yenyewe inabaki. Hatukuwa na jibu, na kuwadanganya hatukutaka.

Juma la pili tulimwuliza ndugu mmoja aliyesoma theolojia kule Bunia. Alituambia Yakobo aliandika kwa Kigiriki, na neno alilotumia hapo ni “ios”. Neno hilo lina maana mbili: kutu, na tena sumu. Katika sura ya tatu, anaposema juu ya ulimi ambao hakuna mtu awezaye kuufuga, watafsiri wameweka sumu. Katika sura ya tano wameweka kutu. Kwa Yakobo neno ni lile lile.

Hapo vijana walinyamaza, maana sumu ya zahabu wanaijua. Wameona zebaki ikichomwa juu ya moto wa jikoni, watoto wameketi karibu, na wamewaona wachimbaji ambao mikono yao hutetemeka. Na sisi wakubwa tulikumbuka 2002 na 2003, vikundi vyenye silaha vilipoupigania Mongbwalu, hapa jirani, na damu ikamwagika kwa ajili ya kitu hicho kinachong’aa.

Tungependa kuishia hapo, kwa sumu ya watu wengine. Lakini Yakobo anaendelea. Mara tu baada ya kutu anataja mishahara ya wavunaji iliyozuiwa na wenye mashamba, na anasema mishahara yenyewe inapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Aliijua Torati: Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza mfanyakazi maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijazama. Weka beleshi mahali pa mundu, na barua imeandikwa kwa Kilo.

Juma la tatu, asubuhi ya siku ya tano, msomaji alifika mstari huo akasimama. Wote tulijua kwa nini. Nyumba yetu ina shimo. Kijana mmoja alituchimbia na kubeba mchanga hadi mtoni muda wa majuma sita, nasi tulimwambia, “Ngoja tuuze.” Tukauza. Siku ya Mungu tulitoa sadaka, ngoma zikapigwa, watu wakafurahi pamoja nasi. Baadaye tukanunua mabati. Kijana aliuliza mara mbili, kisha akaacha kuuliza, na sisi tulihesabu ukimya wake kuwa amesamehe. Sura ile tulikuwa tumeisoma mara mbili tayari bila kumkumbuka, tukibishana juu ya kutu!

Hatukusoma zaidi. Tulikusanya feza, nyingine tukakopa, tukaenda kwao kabla ya kazi. Kijana hakuwepo, ameondoka kutafuta shimo lingine. Mama yake alizipokea, akazihesabu mara mbili juu ya kitenge chake, akashukuru. Kisha akatuuliza, kwa upole kabisa: “Na za mdogo wake?”

Mdogo wake ndiye aliyekuwa akiosha mchanga. Huyo hatukuwa tumemkumbuka hata asubuhi ile.