Kwanza Boriti

Soma Mathayo 7:1–5, 2 Samweli 12:1–7, Zaburi 139:23, 24, Wagalatia 6:1.

Maneno ya Yesu juu ya kibanzi na boriti hutumiwa mara nyingi kuwanyamazisha watu. Mshiriki akionywa, hujibu, "Usihukumu." Lakini soma kifungu hicho hadi mwisho. Yesu hasemi kibanzi kiachwe ndani ya jicho la ndugu. Kibanzi huumiza, na ndugu anahitaji msaada. Anachoweka Yesu ni utaratibu: kwanza boriti, ndipo kibanzi. Asiyeanza na jicho lake haoni vizuri, naye aweza kulitoboa jicho analotaka kuliponya.

Je, mtu anawezaje kuwa na boriti asijue? Nathani alipomsimulia Daudi habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, mfalme aliwaka hasira na kutoa hukumu ya kifo papo hapo. Sheria aliijua, na haki aliipenda. Jambo moja tu hakuliona: tajiri yule alikuwa yeye mwenyewe. Basi kuijua kweli si kinga, kwa maana mtu aweza kuijua sana na kuitumia kwa wengine tu.

Ndugu zetu wa Kabanga na Ngara yote wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani humo kwa muda wa kama saa 24. Katika kambi ya Benaco, chini ya maturubai yale yale, walikuwamo watoto wasio na hatia, na walikuwamo pia watu waliotoka kuwaua majirani zao. Ilikuwa rahisi kwa aliyekaa upande huu wa mto kusema, "Watu wale ni wakatili."

Lakini jambo hilo lilikuwa limeingia hadi ndani ya nyumba yetu. Huko Mugonero, magharibi mwa Rwanda, Waadventista tulikuwa na kanisa na hospitali. Watutsi wengi walikimbilia hapo, wakiwamo wachungaji wetu. Walishambuliwa tarehe 16 Aprili 1994, siku ya Sabato. Mwaka 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimtia hatiani Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, aliyekuwa kiongozi wa kanisa katika eneo hilo, kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Alifungwa miaka 10. Mwanawe, daktari wa hospitali ile, alipewa miaka 25. Rufaa ya mwaka 2004 ilibadili baadhi ya mambo katika hukumu, lakini adhabu zilibaki vile vile.

Tunaposikia habari hii twaweza kusema, "Hao hawakuwa Waadventista wa kweli." Maneno hayo hutuliza moyo, nayo ndiyo hutuzuia kujichunguza. Katika kanisa lile lile alikuwamo Carl Wilkens wa ADRA, aliyekataa kuondoka Kigali na kusaidia kuwaokoa watoto yatima. Jina la kanisa lilikuwa moja, kwa hiyo jina peke yake halikutosha. Wala tusilitumie neno "usihukumu" kuwafunika wenye hatia. Mashahidi waliosimama Arusha kusema kweli hawakuvunja amri ya Yesu.

Chuki ya namna hiyo haianzi na panga. Huanza na maneno. Kabanga iko kwenye njia ya kwenda Burundi, na Kirundi kinakaribiana sana na Kihangaza. Hata hivyo, kitu kikipotea sokoni, ni nani anayetajwa kwanza? Kuku akiibwa usiku, tunamtazama nani asubuhi? Dharau ambayo kila mtu kijijini anayo haimshangazi yeyote. Tunaiita utani. Boriti iliyo katika macho yetu sote ndiyo ngumu kuliko zote kuonekana.

Ndiyo maana mtunga zaburi hakutegemea macho yake mwenyewe. Alimwomba Mungu amchunguze. Ombi hilo linatupasa kabla ya kupeleka jambo la mwenzetu mbele ya baraza la kanisa. Kisha twende, maana Paulo anatutaka tumrejeze aliyekosa, tena kwa upole, huku tukijiangalia nafsi zetu.

Kila robo, kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu, na mara nyingi kila mmoja humchagua rafiki yake. Robo hii mtafute yule uliyemsema vibaya, awe wa kabila lako au la. Ukiinama mbele ya miguu yake, utamwona karibu kuliko ulivyomwona ulipokuwa ukimsema.

Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kumhukumu ndugu na kumwonya? Utajuaje ni lipi unalofanya?

2. Ni dharau gani katika eneo lenu ambayo imezoeleka hata kanisani? Darasa lenu lifanye nini juu yake?

3. Kwa nini ni vigumu kanisa kukiri makosa yaliyotendwa na viongozi wake? Ni hasara gani hutokea lisipokiri?