Sikio na Amana: Katika Kunasa Sauti za Hewani na Kuifunza Elimu Yake

Jicho limepewa kope za kulifunga, na sikio halikupewa. Kwa hivyo wanavyuoni wamepambanua tangu zamani baina ya kusikia na kusikiliza. Kusikia humfikia mtu pasina hiari yake, wala hana dhambi nako; kusikiliza ni kitendo chake mwenyewe, naye ataulizwa kwacho. Tafauti hii, iliyokuwa ikitazamwa ukutani na dirishani, imepata pahali papya tangu ilipozuliwa simu ya upepo. Sauti haingoji tena mlango ufunguliwe. Hupita ukuta na kuvuka mtaa, na mwenye chombo cha kuipokea huipata naye amekaa kitandani mwake.

Chombo hicho huitwa skana. Ni redio ambayo haikai katika stesheni moja, bali hupita upesi juu ya masafa mengi, moja baada ya jingine, na kusimama pale inapokuta mtu anasema. Huko Marekani na Uingereza wako watu wengi waipendao kazi hii pasina ujira: husikiliza marubani na manahodha, na huko Marekani wazima moto na askari polisi pia. Na ada yao kubwa ni kupeana elimu: masafa haya ni ya nani, eriali iwe ya urefu gani, na chombo fulani hutengenezwaje. Basi swali ni hili: Je, elimu hiyo ni halali kufunzwa? Na aifunzaye, hubeba mzigo wa yule atakayeitumia vibaya?

Yafaa itangulie hukumu ya kitendo chenyewe kabla ya hukumu ya kukifunza. Quran, katika Suratul Hujurati, aya ya 12, imekataza kupelelezana; na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, mwenye kutega sikio kwa maneno ya watu nao hawapendi ameonywa adhabu kali ya masikio yake Siku ya Kiyama. Huenda mtu akasema: "Hayo yamhusu anyemeleaye dirishani kwa watu. Mwenye skana hakwenda pahali. Mawimbi ndiyo yaliyomwingilia nyumbani mwake." Hoja hii si ya kudharauliwa. Imamu Ghazali, katika Ihyau Ulumiddin, ameeleza kwamba sauti ya zumari ikipanda hata ikasikilikana nje ya kuta, aliyeisikia hakupeleleza, kwani mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeidhihirisha. Lakini hapo hapo akakataza mtu kutega sikio lake nyumbani mwa mwenziwe ili aipate sauti. Basi kipimo si ukuta. Kipimo ni mwenye maneno: je, ameyadhihirisha, au ameyaficha yakamponyoka?

Kwa kipimo hiki, aitaye msaada amewaita wote wasikiao. Tarehe 25 Mei 1928 chombo cha hewani cha Kitaliana kiitwacho Italia, chini ya uongozi wa Umberto Nobile, kilianguka juu ya barafu ya kaskazini. Waliosalia wakawa wakituma wito kwa redio ndogo, na siku zikapita pasina jawabu. Tarehe 3 Juni aliyewasikia hakuwa askari wala afisa wa serikali, bali kijana wa Kirusi aliyeipenda kazi hii, Nikolai Schmidt, akiwa kijijini mwake na chombo chake. Akapeleka khabari Moscow, na mwezi wa Julai meli ya kuvunjia barafu, Krasin, ikawaokoa watu waliokuwa wamebaki. Lau kijana yule hakufunzwa namna ya kutengeneza mtambo na kuyafuata masafa, au lau alidhani kwamba kila asichoandikiwa yeye ni haramu kukisikia, roho zile zingalipotea.

Na sheria za Marekani, ijapokuwa hazikutoka katika vitabu vya fiqhi, zilianza karibu na hapo. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934 ilikataza mtu kunasa maneno ya redio yasiyo yake na kuyatangaza. Ikatoa nje ya katazo hilo yale yaliyorushwa kwa watu wote, na khabari za meli zilizo taabuni. Baadaye zikaja simu za mkononi za mtindo wa kwanza, ambazo maneno yake yalikwenda hewani wazi, na watu wawili wakizungumza siri zao wakidhani hapana wa tatu. Mwaka 1986 sheria ikakataza kuzisikiliza simu hizo hata pasina kutangaza. Mwaka 1992 ikapitishwa nyingine, ambayo kuanzia Aprili 1994 ilizuia kutengeneza au kuleta kutoka nje skana ziwezazo kupokea masafa yale. Huko Uingereza sheria ya mwaka 2006, kifungu cha 48, haimzuii mtu kuwa na skana, lakini inamzuia kukusudia kuyajua maneno asiyopelekewa, na inamzuia kuyatoa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 31, na ya Tanzania, kifungu cha 16, nazo zimeihifadhi siri ya mawasiliano ya mtu.

Hapo ndipo swali la elimu lilipokuwa zito. Katika skana nyingine za wakati ule, masafa ya simu yalikuwa yamezibwa kwa kijidude kidogo tu kiitwacho daiodi. Akikikata mtu, masafa hurudi. Wapenzi wa kazi hii wakaandikiana na kupiga chapa pahali pa kukata, chombo kwa chombo, hata mwaka 1999 serikali ikaongeza masharti kwa watengenezaji ili vyombo visifunguke kwa urahisi. Wale walioandika walisema: "Sisi twaeleza waya tu. Hatukumwambia mtu asikilize."

Jawabu yake yapatikana katika mas-ala ya zabibu. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema: kumuuzia zabibu mtu ajulikanaye kwa yakini kuwa atazifanya ulevi ni haramu, akishukiwa tu, ni makuruhu, na asiyejulikana kwa hilo, biashara naye ni halali kama kawaida. Zabibu ni zile zile. Kilichobadilika ni ujuzi wa muuzaji. Basi mwenye kufunza jinsi redio inavyofanya kazi, na masafa yaliyogawanywa na serikali mbele ya watu wote, huyo ameuza zabibu sokoni wala hana lawama. Lakini mwenye kuandika pahali pa kukata, hali masafa yale hayana kitu ndani yake illa mazungumzo ya siri ya watu, atadai vipi kuwa hakujua kitakachofanywa? Mlango usio na njia illa ya chumbani mwa jirani, anayetoa ufunguo wake hawezi kusema kwamba amefunza uhunzi.

Na madhara yake yalionekana. Tarehe 21 Desemba 1996 mume na mke huko Florida walinasa kwa skana mazungumzo ya simu ya wakubwa wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, wakayarikodi, na kanda ikafika kwa mjumbe mwingine wa baraza, kisha magazetini. Mume na mke wakatozwa faini ya dola 500 kila mmoja, na mjumbe yule, baada ya kesi ya miaka mingi, akaamriwa kulipa dola 60,000 pamoja na gharama za mawakili. Wako waliosema kuwa yaliyosemwa yalikuwa ya siasa na watu wana haki kuyajua. Lakini ndimi zile hazikujua kuwa zinasikiwa, na wema wa khabari hausafishi njia iliyopatikania.

Walakini kunyamaza nako kwaweza kuwa khiyana. Mtambo wa redio uitwao TETRA hutumiwa na polisi na watu wa bandari katika nchi nyingi, na maneno yake hufumbwa kwa hesabu ambazo kwa miaka mingi zilifichwa hata kwa wanunuzi. Wachunguzi wa Kiholanzi wakazifungua, wakaona kwamba katika aina moja ya hesabu hizo ufunguo wa biti 80 ulikuwa umepunguzwa kwa ndani hata ukawa wa biti 32, yaani kufuli iliyouzwa kuwa ngumu, nayo ni dhaifu. Hawakukimbilia sokoni, wala hawakuficha. Desemba 2021 walipeleka khabari kwa wakuu waliohusika, wakangoja zaidi ya mwaka mmoja na nusu ili wenye mitambo wajitengeneze, kisha Julai 2023 wakawaambia watu wote. Mwaka huo huo wenye kuisimamia TETRA wakakubali kuzidhihirisha hesabu zile. Mwizi haihitaji elimu ya namna hii kutangazwa. Huitafuta mwenyewe gizani. Anayeihitaji ni mwenye nyumba, alalaye akidhani amefunga.

Limebaki jambo moja. Huko Marekani redio za wagonjwa mahututi na wazima moto, zisipofumbwa, ni halali kuzisikiliza. Humo hutajwa nyumba ya mtu, maradhi yake, na pengine aibu yake: kijana aliyemeza sumu, mke aliyepigwa. Kadhi wa dunia hana neno na aliyesikia hayo tu. Lakini maneno ya faragha ni amana kwa aliyeyasikia, na amana haingoji polisi. Aliyesikia kwa bahati na aliyefunzwa kusikia, wote wawili ni sawa mlangoni hapo: sikio limekwisha kupokea, ulimi ungali na hiari.

Basi mwenye elimu hii na aifunze kwa uwazi, ya chombo na ya mawimbi. Na asimpe mtu ufunguo wa faragha ambayo haina njia nyingine. Na akiona kufuli mbovu, ampashe mwenye nyumba kabla ya kuwapasha wapita njia. Na aliyejifunza, jambo la kwanza alijue kabla ya urefu wa eriali ni wapi pa kuzima chombo. Sikio halikuumbiwa kope, ili mwenye nalo aifanye kope hiyo mwenyewe.

Na Mwenyiezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.