Kweli Huna, Mwanangu?



Juzi baada ya Misa ya pili kijana mmoja wa kwaya alinivuta pembeni akaniuliza, "Frateri, hivi mtu akitaka kwenda kuona Roma, peke yake, na hela ndogo, anafanyaje?" Nilicheka. Roma mimi naijua kwa vitabu na kwa picha ambazo watu hututumia kwenye simu, wamesimama mbele ya Mtakatifu Petro na makoti yao. Sisi wa Kirua Vunjo wengi wetu mji wa mbali ni Moshi, na Himo siku ya soko. Lakini swali lake lilinirudisha mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa kwa muda sasa, maana mji wa kale niliwahi kuutembelea peke yangu na hela ya kuhesabu. Mji wenyewe ni Bagamoyo.

Kwa nini Bagamoyo? Kwa sababu imani yetu ilipitia huko. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Zanzibar mwaka 1863, wakavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868 wakiongozwa na Padri Antoine Horner, na miaka ya mwanzo ya 1890 wakafika kwa jirani zetu wa Kilema. Hata kahawa iliyosomesha babu zetu wengi, inasimuliwa kwamba mbegu yake ilitoka kisiwa cha Réunion, ikapandwa Bagamoyo, ndipo ikapanda mlima. Nilipomaliza shahada ya falsafa nikaona si haki kuwa nimesoma habari za Athene miaka mitatu na sijawahi kuona pwani ambayo babu yangu alibatizwa kwa sababu yake.

Nilikuwa na shilingi 160,000. Sehemu nilizipata kwa kufundisha tuisheni ya hesabu wakati wa likizo, sehemu alinipa mama baada ya kuuza mikungu ya ndizi Himo. Nauli ya basi kwenda na kurudi Dar ikameza zaidi ya nusu. Nikapata chumba cha 15,000 kwa usiku, feni ipo ila haizunguki, siku mbili. Kilichobaki ni cha kula, kuingia makumbusho, na akiba. Mama alinisisitiza sana hiyo akiba: "Usije ukakwama ugenini."

Mambo ya kuona yapo, nendeni mkaone wenyewe. Kuna mnara wa kanisa la zamani la misheni ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874. Kuna makaburi ya wamisionari, na ukisoma umri wao unanyamaza, maana wengi walikufa vijana kama sisi. Kuna Ngome Kongwe, kuna boma la Wajerumani, na ukitembea kidogo kuelekea kusini unafika magofu ya Kaole. Kwa miguu yote yanafikika, jua likikuruhusu.

Sasa niseme nilichotaka kusema.

Siku ya kwanza mchana nilifika karibu na soko la samaki nikakuta banda la mama lishe. Kabla sijakaa, nikasimama nyuma ya ukuta nikagawa hela zangu: 1,500 nikaweka mfuko wa shati, nyingine zote, kama 47,000, nikazibakiza mfuko wa ndani. Mtu atasema hiyo ni kujihadhari na wezi. Kweli, lakini siku ile sikuwa nawaza wezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Wali samaki 3,500."

"Mama, mimi nina 1,500 tu."

Akacheka. Akasema kwa 1,500 atanipa wali na maharage, samaki hapana. Nikasema njaa inauma na nimetoka mbali, Kilimanjaro. Akaacha kucheka. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniangalia usoni, akauliza taratibu: "Kweli huna, mwanangu?"

Nikasema, "Kweli, mama. Mimi mwanafunzi tu."

Akanipakulia sahani imejaa, kipande cha samaki kikubwa, na mchuzi akaongeza mara mbili. Akauliza nasoma nini. Nikamwambia nasomea upadri. Yeye ni Mwislamu, akasema, "Basi na sisi utuombee." Usiku nikarudi, nikala kwa 1,500. Kesho yake mchana tena, 1,500. Sahani tatu, kila moja pungufu 2,000. Usiku kule chumbani niliandika hesabu kwenye daftari nikajisifu moyoni. Niliita ufukara wa kiinjili, nawaambia ukweli.

Lakini mchana ule wa siku ya pili, nikiwa namalizia kula, alikuja kijana mmoja na daftari lake kudai marejesho ya mkopo. Ile mikopo ambayo watu huiita kausha damu. Mama akahesabu sarafu na noti zake juu ya meza, zikapungua. Akaenda kwa jirani yake anayekaanga pweza akaazima 5,000, akamalizia. Akarudi akaniuliza kama mchuzi umenitosha.

Nilimwambia umenitosha.

Nimejitetea kwa hoja nyingi tangu siku ile, na kwa kuwa nimefundishwa kutengeneza hoja, zilikuwa nzuri. Ya kwanza: ile ilikuwa ni kupatana bei tu. Kila mtu Tanzania anajua "sina hela" si tamko la kiapo. Muuzaji akisema "bei ya mwisho hii" hatumpeleki kuungama. Maneno yana maana ndani ya desturi, na desturi ya sokoni inawaruhusu wote wawili kuzidisha kidogo huku kila mmoja akijua mwenzake anazidisha. Mtakatifu Thoma anasema uongo hasa umo katika nia ya kutamka kisichokuwemo akilini kana kwamba kimo. Mahali ambapo wote wanajua ni mchezo, ni vigumu kumkuta anayedanganywa. (Kant angenikemea bila hata kunisikiliza, lakini Kant sidhani kama aliwahi kununua mitumba Memorial.)

Hoja hii naikubali mpaka leo. Tatizo ni kwamba haifiki hadi mwisho wa mazungumzo yetu. Aliposema 3,500 na mimi nikasema 1,500, tulikuwa mchezoni. Aliponipa maharage badala ya samaki, bado tulikuwa mchezoni, na alicheza vizuri. Alipoacha kucheka akauliza "kweli huna?", alitoka. Mwenzangu mmoja wa darasa, nilipomsimulia bila kutaja ni mimi, alibisha: "Hata hiyo 'kweli' ni sehemu ya kupatana, wanawake wa sokoni wanajua." Inawezekana, mara nyingine. Utajuaje basi?

Jibu nililopata, na mnaweza kulipinga, ni hili. Kwenye biashara muuzaji ana kinga yake mwenyewe. Anajua samaki kanunua bei gani, mkaa bei gani, na hata ukilia machozi hashuki chini ya hapo. Uongo wako wa sokoni unagonga ukuta huo na kuishia hapo. Lakini mtu akiamua kukuhurumia, anauvunja ukuta mwenyewe, kwa mkono wake. Biashara ina bei ya chini, huruma haina. Aliyekuhurumia hana kinga nyingine yoyote kwako isipokuwa ukweli wako, na ndiyo maana kabla ya kunipakulia aliulizia huo ukweli. Aliuliza mara moja tu, na kwa upole. Mimi nikachukua kitu pekee kilichokuwa kinamlinda nikakitumia kujipatia kipande cha samaki.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi kwangu: zile hela hazikuwa zangu, zilikuwa akiba ya mama yangu, kwa hiyo kusema "sina" kulikuwa na ukweli fulani. Hapa nilijifurahisha sana. Kuna wanateolojia wa zamani waliojadili maneno ambayo msemaji anayamalizia kimoyomoyo: "sina… hela ya kukupa wewe." Mtakatifu Augustino, aliyeandika vitabu viwili vizima kuhusu uongo, asingenivumilia hata dakika. Na kuna jambo moja linaniumbua. Siku ya kuondoka nilitoa kwenye hiyo hiyo akiba nikamnunulia mama kanga. Kumbe hela zilikuwepo. Mama anaivaa kwenye jumuiya, na kila nikiiona najua baadhi ya nyuzi zake zimelipiwa na mwanamke mwingine ambaye hakuulizwa.

Ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi tunaoitwa mafrateri. Tunapewa. Ukisema tu unasoma seminari, nauli inapunguzwa, soda inafunguliwa, kuku anakimbizwa. Watu wanatoa kwa imani, na kupokea si dhambi. Thoma aliwatetea watawa waombaji dhidi ya waliosema kuomba ni uvivu. Lakini aliwatetea kwa masharti: kuomba kuwe kwa ajili ya hitaji au faida ya kweli, si kwa kutaka kuishi bure. Na Kanisa la mwanzo lilishalijua tatizo hili. Katika Didake, yale Mafundisho ya Mitume ya zamani sana, wakristo wanaelekezwa kumpokea mgeni kama Bwana, ila akiwa mtume akae siku moja, mbili ikibidi; akikaa tatu, au akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Nilipoisoma mara ya kwanza darasani tulicheka, maana wahenga wetu wamesema hivyo hivyo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa siku mbili. Nilijiona niko ndani ya sheria.

Kuna kitu nilikiona kule Bagamoyo ambacho sikukielewa mpaka niliporudi nyumbani. Ule mnara wanauita wa Livingstone. Lakini Livingstone alifika pale akiwa maiti. Alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873, na waliombeba kwa miezi mingi, zaidi ya kilomita 1,500, ni Chuma na Susi na wenzao. Mji mzima ule umejengwa juu ya mabega ya wapagazi. Burton, Speke, Stanley, wote tunawasoma kama watu waliosafiri, na walisafiri kweli, ila mizigo ilikuwa kichwani kwa mtu mwingine. Nilisimama pale chini ya mnara nikawasikitikia wapagazi kwa dhati kabisa, tumbo likiwa limejaa samaki wa yule mama. Sikuona uhusiano. Nilidhani kwa kuwa mimi ni maskini wa kutoka Kirua, mzigo wangu naubeba mwenyewe.

Sijisemi kwamba kusafiri kwa hela kidogo ni vibaya. Nendeni. Laleni vyumba vya feni mbovu, tembeeni kwa miguu, kuleni mihogo badala ya samaki. Hapo aliyebana ni wewe. Mimi nilikuwa na njia hiyo: maharage yalikuwepo, kwa bei ileile niliyotaja, na aliniambia mwenyewe. Nilitaka samaki kwa bei ya maharage.

Asubuhi ya siku ya tatu nilipita pale na begi langu kuelekea stendi. Nilikuwa nimejipanga kumwambia, angalau kumlipa. Banda lilikuwa bado limefungwa. Nikasimama kidogo, na nikahisi furaha, yaani wepesi kabisa, kama mwanafunzi aliyekuta mwalimu hajaja. Nikapiga picha ya banda kwa kumbukumbu nikaenda zangu. Ile furaha ndiyo iliyonisumbua kuliko kosa lenyewe. Mtu ambaye hana deni hafurahi kukuta mlango umefungwa.

Niliungama, bila shaka. Lakini Katekisimu, namba 2487, inasema kosa dhidi ya haki na ukweli linadai fidia hata pale mkosaji alipokwisha kusamehewa. Nikajiambia Bagamoyo ni mbali. Nikajiambia nitamwombea, kama alivyoniagiza, na nilimwombea kweli, na nikaona jinsi sala inavyoweza kuwa njia nafuu ya kulipa. Miezi ikapita. Kisha nikiwa nafuta picha kwenye simu ili nipate nafasi, nikaiona ile picha ya banda. Kwenye ubao, chini ya orodha ya vyakula, imeandikwa kwa rangi nyekundu namba yake ya M-Pesa.

Nilipiga Jumamosi jioni, baada ya kuzunguka kihamba mara mbili nikitafuta mtandao ambao haukuwa umepotea.

"Shikamoo mama. Mimi ni yule frateri wa Kilimanjaro, nilikula kwako."

"Frateri yupi?"

"Yule mwanafunzi, wa 1,500."

"Wanafunzi wanakuja wengi, mwanangu. Unasemaje?"

Nikamwambia yote. Kwamba aliniuliza kama kweli sina, na nilikuwa nazo, mfuko wa ndani. Sahani tatu. Nikasikia kitu kinakaangwa nyuma yake, na mtu anamwita.

"Ikawa shilingi ngapi?"

"Elfu sita, mama."

"Haya," akasema. "Tuma na ya kutolea."

Nikatuma.